Nilivyosugua Meli ya Redio

Mama yangu alitulea Lubumbashi kwa sheria moja: mgeni akipiga hodi, asikute vumbi. Tulipiga deki mpaka vizingitini, na tukimaliza, mama aliinama, akapitisha kidole chini ya meza, kisha akakitazama kile kidole kama polisi anayekagua kitambulisho. "Juu ya meza kila muntu anapangusa," alisema. "Mwanamuke anajulikana chini." Nilipanda ndege kuja Brussels na sheria hiyo kichwani, na ilibakia kidogo tu iue meli ya watu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Kibelgiji huko Koekelberg, mtaa wa Brussels. Nilimwita papa, kama nyumbani, na mwanzoni aliniuliza kwa adabu kama nina hakika. Asubuhi nilimpa dawa, nikampikia supu, nikamvalisha soksi, maana magoti yake yalistaafu kabla yake. Mchana tulikwenda melini.

Bon, niieleze hiyo meli. Ujanani, papa alikuwa mtangazaji wa redio ya maharamia. Serikali hazikutaka kila mtu awe na redio yake, basi yeye na wenzake wakapata meli kuukuu, wakaitia nanga baharini, mahali ambapo sheria ya nchi haifiki, wakasimamisha mlingoti na kuwarushia watu wa nchi kavu muziki usiku na mchana. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba huyu ni haramia, nilimtazama alivyokaa na sweta lake na tone la supu kidevuni, nikacheka mpaka akanuna. Haramia niliyemjua mimi alikuwa na panga. Huyu alikuwa na santuri na kichefuchefu cha bahari.

Sasa meli ilikuwa imefungwa kwenye mfereji wa Brussels, imelalia upande wa kushoto, imejaa kutu. Papa na wazee wenzake watatu walikuwa wanaitunza. Nasema kuitunza, lakini kwa macho yangu walikuwa wanakunywa kahawa ndani yake. Kila nikiokota kitu nikitupe, mmoja wao alinizuia: acha, hicho ni cha asili. Kopo la samaki lililotoboka, la asili. Soksi moja bila mwenzake, Mungu anisamehe, ya asili.

Siku moja ikaja barua. Madame wa ofisi ya mambo ya kale angefika Alhamisi kuikagua meli. Akikubali kwamba ni kitu cha historia, itabaki mferejini na itatengenezwa. Akikataa, itavutwa ikakatwe vipande, iuzwe kama chuma chakavu. Papa aliisoma barua mara tatu na supu hakuimaliza. "Wakiikata," akaniambia, "nani ataamini kwamba niliwahi kuwa kijana?" Nikamwambia aache upuuzi, ale. Lakini yale maneno yalinichoma, na nikaapa moyoni kwamba huyo madame atapokewa vizuri.

Jumatano papa alinituma melini nikamletee kofia yake ya nahodha, aivae mbele ya mgeni, ingawa hakuwahi kuwa nahodha wa kitu chochote. Kofia ilikuwa kwenye chumba cha kutangazia, chumba ambacho wazee hawakupenda niingie na ndoo. Siku hiyo niliingia peke yangu, nikawasha taa, nikashika kiuno. Kuta zilikuwa zimeandikwa kuanzia sakafuni hadi darini. Majina, namba za simu, mioyo iliyochomwa mishale, na mwanamke asiye na nguo, kazi ya mtu asiyejua kuchora. Nikajiuliza: kesho madame wa serikali aingie humu? Atasema huyu papa hana mtu wa kumtunza. Na mtu wa kumtunza ni mimi.

Mimi nikianza kazi, sisimami. Nilijaza ndoo, nikamimina javel, ile dawa kali ya kung'arishia vyoo, nikashika brashi. Nilisugua nikiimba nyimbo za kwaya. Yule mwanamke alikuwa mbishi, nikamrudia mara mbili. Mpaka alasiri kuta zilikuwa nyeupe kama sahani, na sakafuni ungeweza kula wali. Ilibaki chini ya ile meza kubwa ya kutangazia, ambayo ilifungwa sakafuni kwa bolti. Mgongo uliniuma. Watu wa pwani wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi huko mvunguni sikutaka kitu. Madame hatapiga magoti, nikasema, nikachukua kofia na kwenda zangu kupanda tramu.

Alhamisi madame akaja, mwembamba, na faili kifuani. Papa alivaa tai na kofia. Alimwonyesha injini, akamwonyesha mlingoti, akamwonyesha hata lile kopo la samaki. Madame aliitikia tu, hm, hm, bila kuandika neno. Papa hakushtuka, alikuwa ameweka akiba ya mwisho.

"Na sasa, ushahidi wenyewe," akasema, akifungua mlango wa chumba cha kutangazia. "Katika kuta hizi, kila mtangazaji aliyepita hapa ameandika kwa mkono wake..."

Javel ilitupiga puani. Wale wazee watatu waliokuwa wanamfuata wakagongana mgongoni kwake.

Papa aligeuka akanitazama. Angenigombeza ningemjibu, mdomo ninao. Alivua kofia tu, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ni uchafu. Kwetu mgeni akija..." Nilitamani ule mfereji unimeze, pamoja na uchafu wake wote.

Madame aliiweka kalamu mezani ili afungue faili, na nilijua anataka kuandika nini. Sasa, meli nilishawaambia imelalia upande. Kalamu ikabingirika, ikaanguka, ikapotelea chini ya meza. Madame akaitazama sakafu, akaona inavyong'aa, akapiga magoti na sketi yake nzuri bila wasiwasi. Akaingiza kichwa. Hakutoka. Mara akajigeuza, akalala chali, tukabaki tunaangalia viatu.

"Nani huyu aliyetapika mara kumi na moja?" akauliza kutoka huko chini.

Wazee wakatazamana. Mmoja, aliyekuwa fundi wa mitambo, akanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

Kumbe dhoruba ikichacha walikuwa wanashusha maikrofoni na kutangaza wakiwa wamelala chini ya meza, wasirushwe huku na huku. Na pale, kwenye mbao za meza kwa upande wa chini, waliandika kwa penseli: nani yuko zamu, anapiga santuri gani, ametapika mara ngapi. Dhoruba moja baada ya nyingine. Walikuwa wamesahau kabisa, na tangu wazeeke hakuna goti lililowaruhusu kuinama huko. Madame alisoma yote kwa sauti. Akafika kwenye jina la papa, akapunguza sauti: "Mawimbi makubwa. Naogopa sana. Naweka santuri nyingine."

Papa akavaa kofia, akaishusha mpaka machoni.

Madame alitoka chini ya meza, penseli ya asili, ile ile ya wazee, imemnasa nyweleni. "Meli inabaki," akasema. "Na hiyo meza asiiguse mtu." Kisha akanigeukia. "Wewe hasa."

Jumapili, baada ya ibada, niliingia kwenye kibanda cha simu nikampigia mama Lubumbashi. Nilikuwa sijamwona miaka minne. Nilimsimulia yote tangu mwanzo: barua, kuta, kofia, kalamu, yule wa mara kumi na moja, na papa alivyonishika mkono njia nzima ya kurudi. Nilicheka, nikalia kidogo pia. Nikamwambia, maman, meli imepona kwa sababu yangu.

"Donc," akasema mama, "chini ya meza haukupangusa."