Mashine Iliyomtii Nyuki Peke Yake

Habari zilimkuta kwenye duka la vipuri, akibishana juu ya uzi. Baba yake, aliyekuwa amelazwa hospitali kwa wiki ya pili, alikuwa amemtuma uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi. Rangi yoyote, alisema, lakini uwe wa pembe nne, maana wa pembe nne unakata na wa mviringo unabembeleza. Muuza duka aliapa kwamba wa pembe nne umekwisha mjini kote na kwamba, kwa vyovyote, hakuna tofauti. Binti, ambaye ni fundi cherehani na hadanganywi kirahisi mambo ya uzi, alikuwa anamwonyesha tofauti kwa ukucha pale simu ilipoita. Alikuwa kaka yake mkubwa.

"Uko wapi? Kaa chini kwanza."

Hakukaa.

"Baba ametutoka. Sasa hivi, saa nne na robo. Alikuwa anamtania nesi."

Muuza duka alimtazama usoni, akainama, akatoa uzi wa pembe nne chini ya kaunta.

Nyumbani mama yake alimkumbatia mlangoni, akahisi kitu kigumu ndani ya mkoba.

"Nini hicho?"

"Uzi wa baba."

"Uloweke," mama akasema, ndipo akaanza kulia.

Uzi ule huloweshwa siku nzima kabla ya kutumika, la sivyo hukauka na kukatika ovyo ukigusa jiwe. Kwa miaka ishirini na miwili marehemu aliuloweka kwenye ndoo bora kuliko zote za mama, na kwa miaka ishirini na miwili mama aliutoa, akautupa chini, akaosha ndoo. Safari hii aliileta ndoo mwenyewe.

Mtaani marehemu aliitwa Nyuki, kwa mlio wa mashine yake. Alianza kazi akiwa kijana na fyekeo la mkono kwenye uwanja wa shule, akadunduliza hadi akanunua mashine ya petroli: injini nyuma, bomba refu, na mbele kichwa kinachozungusha uzi. Alifyeka shule, zahanati, nyua za watu, na makaburi nyuma ya kanisa. Kwa mteja mbahili aliacha makusudi kishungi kimoja cha nyasi katikati ya uwanja, akijua ataitwa tena kabla ya jioni. Jumapili alikaa benchi la pili akiwa amenyoa vizuri, na majani makavu ndani ya soksi.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuwasha. Alivaa mkanda wa begani, akainamisha kichwa, akafumba macho, akasema taratibu, "Bwana, unajua." Kisha alivuta kamba mara moja tu, na mashine ikanguruma. Walioiazima walivuta hadi mashati yakalowa, wakairudisha kimya kama ilivyotoka. Hakumnyima mtu. Alikaa kibarazani akawatazama, kisha akawauliza kwa upole, "Uliomba lakini?"

Siku moja kabla ya mazishi, saa sita mchana, mzee wa kanisa alifika kwa heshima zote na kueleza tatizo. Tangu Nyuki augue, hakuna aliyegusa makaburi. Nyasi zilifika kiunoni, na zilikuwa kavu.

"Saa kumi mlinzi atazitia moto," alisema. "Kesho tutazika mahali peupe."

Baba yake alichukia moto makaburini kuliko kitu chochote. "Unachoma watu waliolala," alizoea kusema, "wataamka wakidhani hukumu imefika na wao hawajajiandaa." Sasa alazwe yeye juu ya majivu.

"Tutafyeka sisi," binti akasema. "Kwa mashine yake."

"Mpaka saa kumi, binti yangu. Ikipita hapo sina la kufanya."

Kaka mkubwa, karani wa bima, alivua koti la msiba na kukunja mikono ya shati. Wakachanganya petroli na oili kama maandishi ya kwenye dumu yalivyosema. Binti akausokota uzi kwenye kichwa cha mashine, mzunguko juu ya mzunguko bila kupishana, kama bobini ya cherehani. Kaka akaisukuma swichi kwenye alama ya kijani, akafunga choki ya kuzuia hewa, akavuta. Akavuta tena. Alipofika mara ya thelathini alikaa chini.

"Omba, kaka," shemeji, mume wa dada yao, akamwambia.

"Nimeomba. Wewe je, mikono yako imefiwa hata haiwezi kuvuta?"

Shemeji akavuta, naye akachoka. Harufu ya petroli ilijaa ua mzima. Saa nane ilipita. Mama alikuwa dirishani, mtandio mdomoni, mabega yakitikisika, na watoto wakamwonea huruma.

Binti akaingia ndani kumtuliza. Akakuta mama analia kweli, lakini pia anacheka, vyote kwa pamoja, na hawezi kusimamisha hata kimoja.

"Mama?"

"Baba yako aliniapisha nisiseme," mama akasema alipopata pumzi. "Zile alama za swichi. Maandishi ya kiwandani yalifutika, akazipaka upya yeye. Kinyume. Kijani ni kuzima. Kuwasha ni nyekundu, tena kaipaka kwa rangi yako ya kucha, ile uliyoitafuta mwezi mzima."

Binti akakaa kitandani. "Na ile sala?"

"Kuomba alikuwa anaomba kweli, usimdhanie vibaya. Ila kidole gumba nacho kilikuwa na kazi yake."

"Sasa kwa nini umemwacha kaka avute saa nzima?"

"Jana alisema mashine iuzwe." Mama akafuta macho. "Kiapo nimekivunja. Mungu atanielewa. Baba yako ndiye nitakayekuwa na kazi ya kumweleza."

Binti hakumwambia mtu. Akafungua plagi ya injini, ambayo ilikuwa imelowa petroli, akaikausha kwa kitambaa, akavuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili injini ipumue, akairudisha. Akavaa mkanda na miwani. Akainamisha kichwa.

"Bwana, unajua," akasema, na alimaanisha kila neno. Kidole gumba kikasogea kwenye nyekundu. Akavuta, na mashine ikanguruma.

Kaka yake akainuka, akajifuta jasho. "Mimi niliomba hivyo hivyo."

Kwenye makaburi binti alianza vibaya. Alishusha kichwa mno, uzi ukachimba udongo na kumrushia changarawe magotini. Polepole akapata mwendo wa baba: kupeleka kichwa kulia na kukirudisha kushoto, kukata kwa ncha ya uzi tu, na kukigonga chini kidogo ili uzi utoke unapopungua. Kaka na shemeji walifuata nyuma kwa reki. Mlinzi alifika saa kumi kamili na kiberiti mfukoni. Alitazama kilichobaki, kipande cha kama chumba kimoja, akaketi ukutani kusubiri.

"Unakata kama yeye," mlinzi akasema binti alipozima mashine. "Hata soksi."

Jumamosi saa nne asubuhi walimzika. Wanaume sita walibeba jeneza kutoka mlango wa nyuma wa kanisa, wakapita kwenye nyasi fupi hadi kaburini. Waliimba nyimbo mbili. Mchungaji alisoma zaburi, akamwomba Mungu ampokee mtumishi wake na kumsamehe alipokosea. Jeneza likateremshwa. Mama alitupa udongo kwanza, kisha watoto kwa umri wao, na binti fundi cherehani akawa wa mwisho kwa kuwa ndiye kitindamimba. Kaburi likajazwa, likasawazishwa, msalaba wa mbao ukasimikwa. Mama alisimama hapo kidogo, akasema, "Lala salama, mume wangu." Wakaondoka kwa miguu kurudi nyumbani.