Paa la Atieno

Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la nne. Na bado, ukitoka Migori mjini mpaka Sori, inua macho: mabati mengi unayoyaona, misumari ni yangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Sasa unakuja kuniambia chuo kingoje uolewe kwanza, kwa sababu kijana wako ana nyumba tayari. Unamwambia fundi habari za nyumba? Kaa chini. Nimechoka, lakini hii nitaisema.

Kuna mvua moja ya miaka ya tisini bado naisikia, kule karibu na Oyugis. Shangazi yako Atieno alikuwa amefiwa na mume, na paa lake lilivuja mpaka watoto wakawa wanalala chini ya meza. Nikaenda na nyundo. Kabla sijapiga msumari, shemeji yake mkubwa akaja mbio.

"Omera, ndugu, shuka! Nyumba ya mjane haiguswi kabla hajachukuliwa kuwa mke na mwanamume wa boma hili."

"Na mvua imeambiwa hivyo?"

"Shuka, fundi."

Nikashuka. Mimi huyu.

Boma hilohilo lilikuwa na mjane mwingine, Awuor, mwalimu wa shule ya msingi. Naye walimwendea. Akawapa chai, akasema, "Wazee, nyumba ninayokaa ni ya shule. Nendeni mkamwambie hedimasta achukuliwe yeye." Walimaliza chai, mmoja akicheka chinichini, na hawakurudi.

Atieno hakuwa na mshahara wala nyumba ya shule. Nikamwambia twende kwetu. "Na watoto?" akaniuliza. Watoto walikuwa wa boma, wasingeachiliwa. Mvua ikazidi, mdogo akaanza kukohoa, Atieno akakubali mwanamume ambaye yeye hakumtaka.

Kesho yake wakaniita. Sijawahi kupiga mabati vizuri hivyo.

"Halivuji tena," nikamwambia.

"Ee, ndugu yangu. Halivuji." Lakini alikuwa anatazama kamba ya nguo, ambapo shati la yule mwanamume lilikuwa limeshaanikwa.

Mwanangu, kijana wako simkatai. Kama anakutaka, atangoja. Maliza chuo, shika kazi yako, ndipo uolewe. Paa nitakupigia popote, bure kabisa, ila wa kuniambia panda ama shuka awe ni wewe. Mungu akupe kazi ya kudumu na mume mpole, na mvua yoyote ikukute ukiwa ndani, kwako.