Viti Vipya vya Shemeji Royce

Nimewahi kuona kiti cha gari kikimkaba mtu. Sicheki.

Sawa, nacheka.

Aliyekabwa ni shemeji yangu Royce, mume wa dada yangu Janelle. Hapa Lubbock hakuna fundi ambaye Royce hajamwita mwizi. Kila kitu anajua yeye.

Alinunua viti viwili vya umeme, vimetolewa kwenye pikapu mpya iliyogongwa. Vya ngozi, vinasogea, vinalala, vinapasha mgongo joto. Akataka kuvifunga kwenye pikapu kuukuu aliyokuwa akiiendesha, ya enzi zile kiti kinasogezwa kwa mkono na matusi.

Soketi za waya zikagoma kuingiliana. Royce akazikata.

"Shemeji, tafuta mchoro wa waya," nikamwambia.

"Mchoro wa watoto wa shule! Nyekundu kwa nyekundu, kazi kwisha."

Fyuzi ikaungua. Akaweka kubwa zaidi. Ikatulia, naye kichwa kikavimba.

Jumapili akampakia mama yetu, Verla, kwenda kanisani. Akamkalisha mbele kama malkia. Mimi na Janelle tukabanana nyuma.

Taa nyekundu ya kwanza, Royce akakanyaga breki.

Kiti chake kikaanza kusogea mbele. Taratibu. Cha mama kikaanza kulala.

"Royce, unanilaza wapi mwanangu?"

"Tulia mama, ndo... ndo starehe yenyewe hiyo!"

Starehe gani! Jamaa kaunga viti kwenye waya wa taa za breki. Kila akikanyaga, usukani unamla kifua.

Tunafika kanisani, pua yake iko kwenye kioo. Mama kalala chali mapajani mwangu, anatazama dari. Mara harufu ya plastiki inayoungua. Sote nje!

Royce hakutoka. Wanaume wawili wakamvuta kama ndama anayezaliwa, waumini wanatazama.

Janelle akachomoa waya wa betri. Mama akajipangusa gauni.

"Mgongo wangu haujapumzika hivi tangu baba yenu afariki. Asante kwa viti, Royce." Akanyoosha mkono. "Funguo."

"Za nini, mama?"

"Za gari la marehemu mume wangu. Nilikuazima uhamishie kochi. Kochi halijafika tu?"

Royce akamkabidhi.

Kesho yake mama akalipeleka kwa mmoja wa wale "wezi". Fundi akaziunga waya vizuri. Sasa mama anaendesha mwenyewe, mgongo moto, na Royce anakaa nyuma, magoti kidevuni.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi naongeza: kabla hujaliremba gari, kumbuka ni la nani.