Mshale wa Banda la Kuku

Msonobari wa mwisho ulibaki nyuma, na njia ikamtema Hilligje kwenye nyika wazi, ambako ukungu ulikuwa mzito hata gurudumu la mbele la baiskeli yake hakuliona vizuri. Hakupunguza mwendo. Mgongoni alibeba mfuko wa mishale ya mbao ya kuelekeza njia, nyundo ikimgonga kiunoni kila alipopita juu ya mzizi. Kifuani, ndani ya koti, alificha mshale mmoja zaidi ambao haukutoka stoo ya chama cha baiskeli. Huo ulinuka kuku.

Anayefika Drenthe, mkoa tambarare wa Uholanzi, kwa mara ya kwanza, akaona baiskeli za milimani zenye magurudumu manene zimeegeshwa nje ya kila nyumba, huuliza milima iko wapi. Hakuna. Kuna misitu, mchanga, vinamasi na nyika ya heide, yale majani magumu yanayogeuza Agosti yote kuwa zambarau. Na kuna watu ambao, kwa kukosa mlima, wamejifunza kupindapinda njia nyembamba katikati ya miti mpaka mapaja yawake moto kama ya mtu aliyepanda kilele. Njia hizo hazikuota zenyewe. Ile ndefu kuliko zote ilichimbwa na Hilligje na mumewe Lammert, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa koleo na reki, naye bwana misitu akawapa sharti moja: isichorwe kwenye ramani yoyote, ndege wasije wakasumbuliwa kwenye viota. Hadi leo simu yako haiijui.

Hilligje alikuwa mpeleka barua. Miaka yake yote ya kazi alipita kwenye upepo huohuo kwa baiskeli nzito ya posta, na alipostaafu akanunua nyepesi, akasema sasa anataka kuendesha bila kubwekewa na mbwa. Lammert alikuwa fundi wa madirisha, mtu mpole, mrefu, ambaye akikukaribisha kahawa alikupa biskuti moja kisha akafunga kopo, kama watu wote wa huko, lakini yeye alilifunga polepole, kwa aibu kidogo. Hawakupata mtoto. Walipata njia.

Kila Januari chama cha baiskeli huandaa safari kubwa ya baridi. Mpigilia mishale huamka kabla ya wote, anapigilia mishale kwenye miti, na jioni humfuata mwendeshaji wa mwisho akiing'oa mmoja mmoja. Mwenyekiti ndiye anayetangulia kufungua njia. Sheria ni fupi: pasipo mshale unanyoosha, penye mshale unafuata. "Mshale haubishaniwi," hupenda kusema Wolter, mwenyekiti wa sasa, akiwa amejishika kiuno.

Wolter hakuwa mwenyekiti mwaka ule mshale ulipokosekana. Uchaguzi ulikuwa unakuja, na wengi walimtaka Lammert. Kwenye njia panda ya mwaloni, mahali pa kukata kushoto kukwepa kinamasi, waendeshaji hawakuona kitu. Wakanyoosha. Egbert, mwanachama mwenzao, alikuwa mbele na kasi yake ya kiwendawazimu, akaruka ndani ya mtaro wa zamani, akavunjika nyonga. Lammert, aliyeshika nyundo mwaka ule, aliapa kwamba aliupigilia. Kesho yake Hilligje alikwenda kwenye ule mwaloni akakuta msumari, na chini ya kichwa cha msumari kona ya mbao nyekundu. Aliipeleka mkutanoni. Wolter akaigeuzageuza kwenye kiganja.

"Kipande cha mbao kinaweza kutoka popote," akasema. "Mshale haupo, basi haukupigwa. Tusioneane haya."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Lammert akanyang'anywa nyundo ya chama, akaenda nayo mezani mwenyewe, akaiweka taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hakugusa baiskeli tena. Kabla ya majira ya pili ya baridi moyo wake ulisimama, na kwenye mazishi Wolter ndiye aliyesema maneno mazuri kuliko wote.

Hilligje aliiweka ile kona dirishani jikoni. Kila alipoosha vyombo aliitazama.

Basi masika yaliyopita alikwenda kununua mayai kwa Wolter. Mkewe, Jantina, alikuwa kitandani na mafua, akapaza sauti kupitia dirisha: "Ingia tu bandani, bibie, ujichukulie. Funga mlango, yule jogoo mwizi asitoke."

Hilligje akaingia, akaufunga. Na hapo, upande wa ndani wa mlango, mahali ambapo hakuna binadamu anayetazama isipokuwa amejifungia na kuku, ulikuwepo mshale mwekundu umeshindiliwa kuziba tundu. Umechafuliwa, umefifia, na kona moja hauna.

Mtu wa nchi nyingine angeuchoma moto siku ileile. Lakini Wolter ni mtu wa Drenthe, na plaiwudi nzuri haitupwi.

Aliokota mayai, akaacha pesa kwenye bakuli. Jumapili moja wenye nyumba wakiwa safarini alirudi na bisibisi, akautoa ule ubao na kufunga mwingine mpya, wenye kukaza vizuri zaidi, maana kuku hawakumkosea kitu. Wakati wa mavuno ya viazi akaomba kazi ya nyundo. Chama kilifurahi, hakuna aliyependa kuamka alfajiri ya Januari. "Itamsaidia kusahau," walisema. Yeye, wiki hiyohiyo, alikuwa kwenye kinamasi na fimbo ndefu akipima kina. Mapajani, kiunoni palipozidi, na chini yake mchanga mgumu. Hakutaka maiti. Alitaka matope.

Sasa, katika ukungu, mishale mingine yote ikiwa tayari mitini hadi mwisho wa njia, aliufikia mwaloni. Akatoa ule mshale kifuani, akaupigilia kwenye tundu la msumari wa zamani, ncha ikielekea kulia. Akasimama chini yake kusubiri.

Wolter alitokea wa kwanza, kofia yake mpya iking'aa, kundi zima likimfuata nyuma.

"Kulia, mwenyekiti," Hilligje akasema.

Breki zikalia. "Acha utani na baridi hii. Njia ni kushoto. Kulia ni kinamasi, hata kondoo wanajua."

"Kondoo hawasomi mishale. Wewe unasoma."

Wolter akainua macho. Aliuona wekundu uliofifia, akaona madoa meupe ya kinyesi cha kuku, akaona ile kona isiyokuwepo. Rangi ikamtoka.

"Mwenyekiti, vipi?" mtu akauliza nyuma. "Jasho linatugandia huku."

"Mshale huu..." Wolter akaanza.

"Mshale huu umefanyaje?" Hilligje alimsogelea. "Umewahi kuuona mahali? Sema, wenzako wanasikia."

"Si mwenyewe husema haubishaniwi?" sauti nyingine ikachokoza, na wachache wakacheka. "Au leo unabishaniwa?"

Sentensi moja tu ingemwokoa, nayo ilikuwa na kuku ndani yake. Wolter alimtazama Hilligje, akatazama kinamasi, akakanyaga pedali. Akaenda kulia. Wengine walipotaka kumfuata, Hilligje alinyoosha nyundo ikawazuia kama kizuizi cha barabarani.

"Nyinyi kushoto. Ule ni wa mwenyekiti peke yake."

Ndani ya ukungu ikasikika sauti ya kitu kizito kinachoingia kwenye uji, kisha tusi refu la Kidrenthe. Hilligje aliung'oa mshale, akaurudisha kifuani. Ulikuwa wa baridi, lakini kifua chake kilikuwa na joto ambalo hakulijua tangu mazishi.

Kituo cha supu kilikuwa hemani, chini ya misonobari. Egbert alikoroga sufuria. Tangu nyonga ile haendeshi tena, anapika. Supu ya njegere nzito, kijiko kinasimama ndani, soseji ya moshi juu, mkate mweusi pembeni. Sisi waendeshaji tulikuwa tumeshika mabakuli Wolter alipofika akisukuma baiskeli, mweusi hadi kifuani, mguu mmoja bila kiatu.

"Mwenyekiti, ulikwenda kuchimba mboji?" Egbert akamwuliza, na hema zima likaangua kicheko.

Hilligje hakucheka. Aliuweka mshale mezani kati ya mabakuli, akatoa kona mfukoni, akaisogeza kwa kidole. Ikakaa mahali pake.

"Egbert, hii kona unaijua?"

"Naijua. Uliileta mkutanoni."

"Na huyu alisemaje?"

Egbert aliweka mwiko chini. "Alisema inaweza kutoka popote."

"Imetoka kwenye mlango wa banda lake la kuku. Upande wa ndani."

Wolter alisimama akivuja maji ya mboji, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa hata utetezi.

"Ilikuwa plaiwudi nzuri," akasema. "Ya kujengea mashua. Mtu hatupi mbao kama ile." Kisha, chini kabisa: "Nilitaka mpotee tu, mumcheke Lammert kidogo. Sikujua utaanguka, Egbert."

Egbert alimwangalia. Alilitwaa bakuli lililokuwa limeandaliwa mbele ya Wolter, akalimimina tena sufuriani. "Supu yako imekwisha," akasema, sufuria ikiwa imejaa.

Mtu mmoja akajaribu kutuliza mambo. "Hilligje, tulikosea. Njia tutaipa jina la Lammert. Tutaweka kibao."

"Vibao ninavyo." Aliwazungushia macho. "Mlionyoosha mikono usiku ule, nyoosheni tena niwaone."

Hakuna aliyenyoosha. Mikono yote ilikuwa na kazi ya kushika mabakuli.

Alikunywa supu yake mpaka mwisho, bila haraka, akafuta bakuli kwa mkate, kwa maana hata hasira haimfanyi mtu wa huko aache chakula. Akavaa glavu, akauchukua mshale na kona yake, akapanda baiskeli.

"Mishale huwa naing'oa nyuma yenu," akasema. "Leo naing'oa mbele."

Ilichukua muda maana yake kutuingia. Yeye alikuwa ameshamezwa na ukungu. Kisha tukaisikia: msumari wa kwanza ukitoka kwenye mti kwa mlio mkali, mbao ikidondoka mfukoni. Kimya. Msumari wa pili, mbali kidogo.

"Tutatokaje?" akauliza Wolter, meno yakigongana.

Egbert alifunika sufuria. "Njia aliichimba Lammert," akasema. "Kamwulize."

Msumari wa tatu ulisikika kwa shida.