Mama Mapasa Watatu Mbele ya Leta

Nyumba ya uji ya mtaa wetu wa Kapata ni mojawapo ya zile nyumba za zamani za kampani ya madini, mstari wa tatu ukitoka barabara ya makamyo, yale malori ya madini. Zamani aliishi humo kapita mmoja, msimamizi wa wafanyakazi, na mke wake na watoto tisa, na yule wa mwisho nilimpokea kwa mikono yangu mwenyewe alipozaliwa. Sasa hakuna kitanda ndani. Kuna sufuria mbili kubwa, mabenchi marefu, na vikombe vya bati vimetundikwa kwenye misumari. Asosiasyo ya bamama wajane ndiyo inapika. Unga, soya na sukari vinatoka kwa Leta, yaani serikali yenyewe, na wanaokula ni watoto wadogo wanaolelewa na bibi zao au na wajane.

Mjukuu wangu alikuwa anakula pale. Binti yangu wa mwisho aliniachia mtoto huyo akaenda Lubudi kununua na kuuza muhogo. Mtoto alikuwa na miaka miwili na alikuwa hajasimama. Ukimshika mkono unasikia mfupa. Miezi minne ya uji, akasimama akishika benchi. Mwezi wa tano akaiacha benchi. Kwa hiyo niliposikia kwamba Leta inapita kukagua asosiasyo zote inazozipa chakula, na kwamba mahali pengine wamefunga milango kwa sababu walikuta watoto wa karatasi, usingizi ulinipungua.

Watoto wa karatasi ni wale walioandikwa kwenye listi na hawana miguu. Mtu anaandika majina sitini, wanaokula ni ishirini, unga wa wengine unaelekea sokoni. Sisi hatukuwa wezi wa namna hiyo. Lakini nani atasema hivyo na akaaminiwa? Hata mwizi anasema hivyo.

Mkaguzi alifika asubuhi, watoto wakiwa bado wanakula. Tulikuwa tunangoja gari na mwanaume wa tai shingoni. Akashuka mwanamke kwenye pikipiki ya kukodi, umri kama wa binti yangu wa kwanza, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi jekundu, begi amelikumbatia kifuani. Mama prezidante wa asosiasyo, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na sauti ya kuita mtu kutoka avenyu ya pili, alikuwa ametayarisha kiti chenye kitambaa na sukré, soda baridi ya chupa.

Mkaguzi alikaa kwenye benchi, pamoja na watoto.

“Sukré rudisha, mama,” akasema. “Nikikunywa ya kwenu, hata nikiandika kweli, batasema nilikunywa.”

“Ni maji ya sukari tu, mama inspekta!”

“Maji niko nayo.” Akatoa chupa yake kwenye begi, maji yamepata moto kwa jua la njiani, akanywa mbele yetu bila kukunja uso. Mimi nilimpenda kuanzia pale. Tumeshaona wakaguzi wa kila namna hapa, na wengine walitafuta matabishi, yaani kitu kidogo, kabla hawajatafuta listi.

Listi ilikuwa imeandikwa na mama prezidante kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa. Mkaguzi akaanza kuita. Mwanamke anaitika, anamshika mtoto wake, mkaguzi anamwangalia mtoto, anaweka alama. Ikaenda vizuri mpaka katikati ya ukurasa.

“Mama Mapasa.”

“Ni mimi!” akajibu jirani yangu wa nyumba ya pembeni, bado kijana, mtoto mgongoni.

Akaendelea, mistari miwili, mitatu. “Mama Mapasa.”

“Niko hapa!” akasema mwingine, yule anayeuza mkaa.

Chini ya ukurasa: “Mama Mapasa.”

“Na mimi,” nikasema.

Bamama wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Aliweka kalamu chini.

“Munanichezea? Jina moya mara tatu?”

“Haiko jina, mama,” akasema prezidante. “Njo heshima. Mama mwenye kuzaa mapasa hatumuite tena jina ya zamani. Anakuwa Mama Mapasa mpaka kufa. Ukimuita ile ingine unamutukana, unalipa kuku.”

“Heshima haikule uji,” akasema mkaguzi. “Mutoto njo anakula. Na mapasa ni bangapi?”

“Babili.”

“Hapa naona mutoto moya, mutoto moya, mutoto moya. Kila Mama Mapasa na mutoto moya. Bale bengine beko wapi?”

Hapo ndipo kila mmoja alipotaka kueleza kwa wakati mmoja. Yule kijana alisema pacha mmoja alifariki. Muuza mkaa alisema wake wanasoma shule, huyu mdogo ni mtoto wa marehemu dada yake. Mimi nilisema wangu wana ndevu, mmoja anaendesha kamyo, mwingine tulimzika, na huyu ni mjukuu. Sauti zikapandana, watoto wakaanza kulia, kikombe kikaanguka. Mkaguzi akanyanyua mkono.

Alituambia bila hasira, na ndiyo maana tuliogopa. “Mi nikirudia na hii listi mu biro, kwa bakubwa yangu, batasema ni mutu moya ameandikwa mara tatu. Hata mi mwenyewe ningesema hivyo. Na kama hapa kuko uongo moya, banauliza tena juu ya ile majina ingine yote. Ni lazima niandike nyumba ifungwe mpaka mambo ijulikane.”

“Itajulikana siku ngapi?” nikauliza.

“Nkambo, sijue,” akanijibu, akiniita bibi kwa heshima. “Mwezi. Miezi mitatu.”

Nilimwangalia mjukuu wangu. Alikuwa anatembea kuzunguka benchi, ameshika kijiko. Miezi mitatu.

Akatuomba kadi za uchaguzi. Yule kijana alikuwa nayo. Muuza mkaa yake iliungua pamoja na kibanda chake. Yangu picha imefutika, herufi pia, inaonyesha kitu kama wingu. Mkaguzi aliigeuza mara mbili akanirudishia kwa mikono miwili.

Sasa, mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu. Lakini majina ninayashika. Wakati wa kampani walitujua kwa namba ya mume: mke wa namba fulani, mtoto wa nne wa namba fulani. Kwenye kantini wanaita namba unapokea unga. Mimi sikupenda namba, kwa hiyo nikiwa kwenye mstari nilikuwa nauliza kila mwanamke jina alilopewa na baba yake, na nikishalisikia halitoki. Hapa siandiki hata moja. Wenyewe wako hai, na wakisomewa maneno haya kila mmoja atajijua.

Nikasema, “Mwana wangu, kamata kalamu. Nitakuambia majina ya nyumba zote, ya mama na ya mutoto, ile ya Leta, haiko ile ya heshima.”

Mama prezidante akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubana. Nilielewa mara moja anachotaka kusema. Kwenye listi kulikuwa na nyumba moja ambayo mama yake alihama na mtoto wake kwenda Kasaji wakati wa kupanda mahindi. Jina lilibaki. Kikombe chake kilikuwa kinajazwa kila siku, na mimi sikujua kinaenda wapi. Mkono ulinibana tena. Nikaanza kutaja.

Nilitaja mstari kwa mstari, kama nyumba zenyewe zilivyojipanga. Mkaguzi aliandika ukurasa mpya, safi, bila kuniharakisha. Nilipofika kwenye ile nyumba niliziba mdomo. Nikisema, labda wanafunga kwa sababu hiyo. Nikinyamaza, mkaguzi huyu aliyekataa hata sukré ataondoka na uongo, na mimi ndiye nitakuwa nimeuweka kwenye kalamu yake.

“Huyu haiko,” nikasema. “Alienda Kasaji na mutoto. Zamani kidogo.”

“Mama Mapasa!” prezidante akaita, kama mtu aliyekanyagwa mguu.

“Haiko,” nikasema tena.

Mkaguzi alimgeukia prezidante. “Na kikombe yake, ni nani anakula?”

Prezidante, mwanamke wa sauti ile, akaongea chini chini hata sisi wa karibu tukainama kusikia. “Kuko katoto kamoya, nyumba ya mwisho kabisa. Nkambo yake alikuja nako wakati listi ilikuwa imeshafungwa. Nilimupa ile nafasi. Kuandika upya walisema mpaka niende mujini, na niliogopa watasema ninaongeza batu.”

“Twende,” akasema mkaguzi.

Sikutegemea kwamba angetembea. Lakini alitembea, na sio nyumba ile tu. Alituambia sote tubaki, akanichukua mimi peke yangu nimwonyeshe njia, na akanikataza kusalimia watu kabla yake. Nyumba alichagua yeye: hii, kisha anaruka tatu, kisha ile ya nyuma. Makamyo ya madini yalikuwa yanapita barabarani na kutumwagia vumbi, yeye anafunika ukurasa kwa kiganja badala ya kufunika uso. Anabisha, anamuuliza yeyote anayetoka, “Hapa mutoto ni nani? Na mama yake, baba yake alimuita nani?” Mwenye nyumba anajibu, yeye anaangalia niliyotaja. Hakunionyesha kama nimepata au nimekosa. Ningekuwa mtu wa kukasirika ningesema haniamini. Sikukasirika. Nilifikiri, kama mtu angekuja hivi miaka ile yote, nyumba kwa nyumba, akiuliza majina, tungekuwa watu wengine.

Kwenye nyumba ya tisa alisimama. “Nkambo, weye unaishi na haya yote mu kichwa?”

“Nitayaweka wapi?”

Nyumba ya mwisho ilikuwa na paa la mabati ya kuokota. Mtoto alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha nyumba yetu ya uji, cha bati, anakilamba ndani. Mkaguzi alichuchumaa, akamwomba bibi ruhusa, akamshika mkono juu ya kiwiko kwa vidole viwili. Kisha akauliza jina. Bibi akasema. Mkaguzi akaandika, akamwomba alirudie, akarekebisha herufi moja.

Tuliporudi, bamama walikuwa wamekaa bila kuongea, na hilo kwa bamama wa Kapata ni jambo la kuogopesha. Mkaguzi akasimama mbele ya prezidante.

“Kumupa ule mutoto ulifanya muzuri. Kunificha ulifanya mubaya. Byote bibili nitaandika.”

“Na nyumba, mama?”

“Ngojea. Sijamaliza.” Akanigeukia. “Umenipa majina ya batu bote, nkambo. Ya kwako haikuwa ndani.”

Ni kweli. Nilikuwa nimeliruka. Nilizaa mapasa wangu nikiwa msichana, na toka siku ile walioniita jina nililopewa na baba yangu walikufa mmoja mmoja. Mume wangu mwenyewe hakulitumia. Bamama wote wakawa wananiangalia, hata mama prezidante, ambaye tunajuana miaka yote na hakuwa analijua. Nikalisema. Lilitoka polepole, na sauti niliyolitolea haikuwa ya uzee wangu.

“Kuku!” yule Mama Mapasa kijana akapiga kelele. “Analipa kuku! Amemuita mama ya mapasa jina ya zamani!”

“Amejiita yeye mwenyewe!”

“Basi ajilipe mwenyewe!”

“Na mi nikisoma hii jina mu biro,” akauliza mkaguzi, “nitalipa?”

“Utalipa!” wote kwa pamoja.

“Leta haina kuku,” akasema, na ndipo tulipoona meno yake kwa mara ya kwanza. Tulicheka mpaka muuza mkaa akalazimika kukaa chini.

Kisha akamkalisha prezidante kwenye benchi, akamwandikisha listi upya mbele ya macho yake: safu ya kwanza jina la mama la Leta, ya pili jina ambalo mtaa unamwita, ya tatu mtoto. Sisi Mama Mapasa tuliwekwa kwenye safu ya pili, watatu, kila mmoja kwenye mstari wake na hakuna aliyepotea. Jina la yule aliyeenda Kasaji alilipiga mstari mmoja ulionyooka, bado linasomeka. La mtoto wa nyumba ya mwisho aliliandika yeye mwenyewe, akaweka sahihi yake pembeni ili asije mtu akasema prezidante ameongeza. Onyo la prezidante alilisoma kwa sauti mbele yetu wote, neno kwa neno, kisha akampa alitie sahihi. Prezidante alitia sahihi huku anatoa machozi, na mkaguzi alimngoja amalize yote mawili.

“Nyumba inabaki wazi,” akasema. “Nitarudia. Siku sitasema.”

Akaita pikipiki, akakataa mahindi ya kuchoma aliyopewa mlangoni, akaenda. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka vumbi lake likachanganyika na la makamyo.

Kesho yake uji ulichelewa. Prezidante alikuwa amebandika nakala ya listi ukutani kwa unga wa kukoroga, na kila mwanamke alitaka kwanza aonyeshwe jina lake, hata wasiojua kusoma, hao zaidi ya wote. Moto ulikuwa unazimika, watoto wanagonga vikombe kwenye benchi, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kidole changu, ninawaonyesha mmoja mmoja: wewe hapa, wewe hapa, na wewe hapa.