Tulipocheza Wabeshi Kwenye Kota za Mgodi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye kota za mgodi, mtoto alifundishwa kutoinama kabla hajafundishwa kusoma. Mgodi wenyewe ulikuwa wa almasi, mdogo tu, huku huku Shinyanga, na ulishafungwa zamani, kwa hiyo msijisumbue kuniuliza jina lake. Sheria ilikuwa kwamba chochote kilichoko chini si chako. Ukiangusha kalamu njiani, unasimama hapo hapo, unanyoosha mkono juu na kumwita mlinzi aje akuokotee. Bibi yangu alipokuja kututembelea kutoka kijijini aliinama kufunga kamba ya kiatu, akajikuta yuko ofisi ya ulinzi, viatu vyote viwili viko mezani vinapigwa tochi. Alikaa kwetu wiki nzima akitembea peku, na alipoondoka alisema hatarudi tena kwenye kijiji cha watu wanaoogopa ardhi yao wenyewe.

Ndiyo maana sisi hatukucheza na kokoto. Binamu zetu wa Geita walirusha mawe watakavyo na hakuna aliyewauliza. Sisi tulicheza na mbegu za ukwaju, vizibo vya soda na punje za mahindi, vitu ambavyo hata mlinzi mwenye bidii ya kupandishwa cheo asingeweza kuvidhania kuwa almasi. Tukitoka shule, miguu myekundu kwa vumbi na matako bado yanauma kwa fimbo za kuchelewa mchakamchaka, Mama alituwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga kwenye sahani ya bati, nasi tukajaa barazani na boksi letu.

Boksi lilikuwa la sabuni, limekatwa na kukunjuliwa, na juu yake Shija alikuwa amechora mchezo. Shija alikuwa mtoto wa dereva wa lori, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na alikuwa na mkono wa kuchora ambao walimu waliutumia kuchorea ramani za Afrika ubaoni huku wao wakinywa chai. Mchezo tuliuita Wabeshi. Hilo ndilo jina la watu waliokuwa wakipenya kwenye uzio kwenda kuchekecha mchanga wa almasi, na kwetu sisi watoto walikuwa mashujaa, ingawa mbele ya baba zetu tulisema ni wahuni.

Kila mchezaji alikuwa na genge lake. Ulipanga wizi wako kimyakimya kwa kuficha punje chini ya kizibo: nani apite njia gani, nani abaki kuangalia, nani amlainishe mlinzi. Kisha wote mnafunua kwa pamoja. Magenge mawili yakikutana njia moja, yote yamekamatwa. Ukiona mwenzako anakaribia chumba cha kuchambulia almasi, ulikuwa na haki ya kumchomea kwa walinzi, ukapewa zawadi, halafu ukaiba wewe. Almasi ilikuwa kipande kidogo cha kioo cha gari lililogonga mti. Nimekuja kufanya kazi maofisini nikakuta watu wazima wanaucheza mchezo ule ule bila boksi, na wengine hawajui kwamba una kanuni.

Kanuni kubwa ilikuwa hii: pasipo mstari hakuna njia. Shija alichora kila kitu kama kilivyo, uzio, geti, karakana, tangi la maji, na mimi ndiye niliyempa habari, maana baba yangu alikuwa mlinzi wa getini. Baba alikuwa na hadithi. Akirudi kazini, akishanawa, akishamega tonge la kwanza la ugali na kulichovya kwenye mlenda, alianza: leo mtu kaficha nini ndani ya mkate, leo mzungu kabishana na nani, leo mbwa wa ulinzi kakataa kushuka kwenye gari kwa sababu ya jua. Mama alicheka mpaka anashika ubavu. Nilimpenda Baba siku zote, lakini saa ile ya ugali nilimpenda zaidi.

Basi mwaka mmoja almasi zikapotea kweli. Hazikupotea uwanjani kwa wabeshi. Zilipotea ndani, kwenye chumba chenye makufuli juu ya makufuli. Mkuu wa Ulinzi, bwana mnene aliyetembea na filimbi shingoni hata kanisani, akatangaza kwamba kila kitu kitapekuliwa. Walipekua vyungu vya mboga na nywele zilizosukwa. Walimpekua mchungaji. Asubuhi moja tulipokuwa tunatoka getini kwenda shule wakafungua mkoba wa Shija, wakalikuta boksi letu na kile kipande cha kioo kimefungwa kwenye karatasi ya pipi.

Kama ungetaka kuona watu wazima wakifurahi, ungewaona siku ile. Kioo kilibebwa kwa kibano kwenda kwa wataalamu, ambao walikikodolea macho mpaka jioni ndipo wakathubutu kusema ni kioo. Boksi lilibandikwa ukutani ofisini, na wakubwa wakakaa kikao kulitafsiri. Mbegu ya ukwaju ikaitwa kiongozi wa mtandao. Na getini, pale anaposimama Baba, Shija alikuwa amechora mshale na kuandika kwa mwandiko mzuri: HAPA MLAINISHE MLINZI.

Baba alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Tukaambiwa tuondoke kwenye kota kabla mwezi haujaisha, maana kule nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ikienda nyumba inaifuata. Hatukuwa na shamba wala ng'ombe; Baba alikuwa ameviacha vyote kwa kaka zake alipovaa sare. Mama alianza kufunga sufuria kwenye shuka akisema, "Gete, Baba Kabula, gete tunakwenda wapi?" Gete kwa Kisukuma ni kweli kabisa, ila Mama alivyolisema hata asiyejua Kisukuma angelia. Kabula ni mimi. Nilijibanza nyuma ya mlango nikilia bila sauti.

Baba aliomba jambo moja tu. Alikwenda ofisini, akavua kofia na kusema, "Mkuu, huo ni mchezo. Waiteni hao watoto wacheze mbele yenu, muone."

Wakatuita. Meza ya kikao ikafutwa, boksi likabanduliwa ukutani, tukarudishiwa vizibo vyetu kama watu wanaorudishiwa silaha. Meneja wa wafanyakazi alikaa pembeni na chai yake, walinzi wawili mlangoni, Baba akasimama karibu na dirisha. Tuliamkia, "Shikamooni," wakaitikia bila kutuangalia. Mkuu wa Ulinzi akasema atacheza yeye mwenyewe, ili asidanganywe.

Raundi ya kwanza alicheza kwa dharau, Shija akamchomea. Raundi ya pili nikamkamatisha kwenye tangi la maji. Hapo akavua filimbi, akaiweka mezani. Raundi ya tatu akavua kofia. Jasho lilimtoka, akawa anaficha punje zake kwa kiganja tusimwone, na meneja akaanza kucheka ndani ya kikombe. Mimi nilisahau kabisa kwamba tuko pale kuokoa kazi ya Baba. Nilikuwa nacheza ili nishinde, na yeye pia.

Zilipobaki hatua chache nimshinde, akashika kizibo chake, akakiburuta mpaka nyuma ya karakana na kukipitisha kwenye uzio.

"Mkuu, hapo hakuna njia," Shija akasema kwa adabu. "Hakuna mstari."

"Ipo!" akafoka. "Wewe mtoto unajua nini? Nyuma ya karakana pale, seng'enge imefunguliwa chini, mtu mzima anapita na mzigo wake."

Kijiko cha meneja kikaacha kukoroga. Walinzi wa mlangoni waliangalia dari kwa pamoja. Mkuu wa Ulinzi alibaki na kidole juu ya kizibo, halafu akasema, "Yaani, kwa mfano." Sijawahi kuona maneno matatu yakibebeshwa mzigo mzito namna ile.

Hakuna aliyemkamata mtu. Meneja alimeza chai, akasema imethibitika kwamba huu ni mchezo wa watoto, na mlinzi arudi kazini kesho. Kisha akamsindikiza Baba mpaka mlangoni na kumwambia polepole, "Mzee, hapa pamechezwa mchezo tu. Tumeelewana?" Baba alituangalia mimi na Shija, akaangalia kofia iliyokuwa mkononi mwake, akajibu, "Tumeelewana." Uzio wa nyuma ya karakana ukashonwa upya. Mkuu wa Ulinzi alihamishiwa makao makuu kwa cheo cha juu zaidi, tukala wali na mbuzi kwenye hafla ya kumuaga, na Baba ndiye aliyepangiwa kumvisha shada.

Mama alifungua shuka, sufuria zikarudi jikoni. Nilidhani kila kitu kimerudi. Jioni ile nilikaa karibu na Baba nikisubiri hadithi, akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akala. Akamega lingine. Tulikaa kwenye nyumba ile mpaka mgodi ulipofungwa, na Baba hakuwahi tena kutuambia kilichotokea getini.

Sasa Shija yuko Geita, ana karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu na kitambi cha kulilinda. Juzi alikuja hapa kwangu Ibadakuli, akamletea mwanangu zawadi ya mchezo wa kisasa: boksi linalong'aa, majambazi wa plastiki waliovaa suti, benki, makasha, na kitabu cha maelezo kinene kuliko katiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwanangu alikiangalia kitabu kama mtu aliyeletewa adhabu. Ikabidi atafute video ya kijana anayeeleza jinsi ya kucheza, simu ikaisha chaji, tukasubiri chaji. Raundi ya kwanza alipokamatwa akauliza kama anaweza kuangalia tangazo ili arudishiwe maisha. Watoto wetu hawa! Sisi tulipokamatwa tulikaa nje ya mchezo tukila karanga kwa hasira.

Baba, ambaye siku hizi anaishi nami na haoni vizuri, alisogeza kiti chake. Tukamweleza kanuni, akazielewa kabla ya kijana wa kwenye video hajamaliza salamu. Walicheza wote watatu, yeye, Shija na mwanangu, na Baba alicheza vizuri mno, kimya, akitabasamu. Katikati ya mchezo mwanangu akauliza tu, kama wanavyouliza watoto wa siku hizi, bila kupima, "Babu, si ulikuwa mlinzi mgodini? Zile almasi walikuwa wanapitishia wapi?"

Shija akaniangalia. Yule Mkuu alishakufa, meneja sijui yuko wapi, nyumba ile imeota majani sebuleni. Hakukuwa na mtu wa kumnyang'anya Baba kitu chochote tena. Nilitamani aseme, nilitamani kweli kweli.

"Sijui, mjukuu wangu," Baba akasema. "Mimi nilikuwa getini."

"Babu muongo!" mwanangu akacheka.

Enzi zetu mtoto akimwita mzee muongo alilala njaa, na kesho yake majirani wote walikuwa na habari. Nilifungua mdomo nimkemee, lakini Baba alinizuia kwa mkono. Aliwapapasa wale majambazi wa plastiki, mmoja mmoja, kisha akasema, "Haya. Zamu ya nani?"