Mashamba Mawili, Mtu Mmoja

Mimi nilijenga nyumba yangu bila fundi. Wenye diploma wa mtaani walikuja kunitazama nikipanga matofali, wakaondoka bila kasoro ya kunionyesha. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kuvunja mawe kule kwenye machimbo ya Kakontwe, nikanunua baiskeli, na miaka ile kampuni ya shaba ilipoacha kulipa watu, makarani wakiuza viti vya sebuleni kwao, mimi nilikuwa nasukuma magunia ya chokaa kila siku. Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani.

Kati ya zone yetu, yaani wilaya yetu ya mjini, na zone ya jirani kulikuwa na ukanda wa majani, kutoka reli mpaka kijito. Ulikuwa wa serikali, maana yake hakuna aliyeujali. Njaa ilipoingia, watu wa pande zote mbili wakaulima. Wa kwanza kuingiza jembe ni mimi, anayebisha aje. Aliyenifuata alikuwa jirani yangu, fundi wa mashine, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Likasi kama mimi. Tuta moja lilitenganisha mashamba yetu, na juu ya tuta hilo tulitaniana kutwa.

“Mahindi yako iko na majivuno kama weye,” alikuwa ananiambia. “Inapanda juu, ndani hakuna kitu.”

Kisha ukaja wakati watu wa asili yake waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao huko kwao hawakuwahi kupaona. Alikaa na mke wake wiki nyingi kituoni, chini ya turubai, wakingoja treni. Nilikuwa nawapelekea unga. Siku treni ilipofika alinishika mkono.

“Ndugu, unichungie shamba. Siku nikirudi, nitakula wapi?”

Nikamjibu kwa sauti, kituo kizima kisikie: “Miye niko hapa! Nani atagusa?”

Mke wangu naye alikuwa amekwenda na watoto kwa wazazi wake kwenye ziwa Tshangalele, ambako samaki bado walipatikana. Alisema mwezi mmoja. Mwezi ukawa mvua mbili. Nikawa napika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, sufuria ile ile ya watu saba.

Ndipo zone mbili zikaanza kugombania ukanda ule. Kila moja ilisimika kibao chake, kila moja ikang'oa cha mwenzake. Mwishowe wakubwa wakakaa meza moja, wakachora mpango wa pamoja: mashamba upande wa kijito, shule upande wa reli, na njia ya kuunganisha zone hizo mbili, ipite katikati. Mpango mzuri, hata mimi nasema. Lakini waliweka sharti. Siku ya kupima, kila mwenye shamba asimame ndani yake, jembe mkononi. Shamba lisilo na mtu litachukuliwa kwa ajili ya njia.

Wenzangu walikuwa na wake, mashemeji, wajomba. Mimi nilihitaji mtu mmoja tu, wa kusimama kwa rafiki yangu.

Nilikwenda kwa mama muuza sombe, majani ya muhogo. Akaniuliza, “Si ni weye ulisema mahindi yetu ni ya kulisha kuku?” Nikaenda kwa fundi viatu. “Papa, weye unajua yote,” akasema bila kuinua macho kwenye soli. “Utajua namna ya kusimama pawili.” Mlango wa tatu nilibisha, nikasikia watu ndani wananyamaza.

Basi asubuhi ile nikasimama juu ya tuta, mguu mmoja kwangu, mmoja kwa rafiki yangu, jembe kila mkono. Wakaja makarani wawili, mmoja wa kila zone, kila mmoja na daftari lake, kwa sababu hawakuaminiana. Watu nyuma yao walianza kucheka kabla sijafungua mdomo.

“Papa, weye uko watu ngapi?” akauliza karani wetu.

“Moja, lakini niko na nguvu ya batatu!”

“Nguvu hatuandike. Tunaandika muntu. Chagua.”

Niliangalia shamba langu. Kila kisiki niliking'oa mwenyewe, nakumbuka kile kilichonivunjia mpini. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Nikainua mguu, nikauweka kwa rafiki yangu.

“Jina?” Nikataja lake.

“Iko wapi huyu?”

“Atarudi.”

“Muntu mwenye haiko, hatumuandike,” akasema karani wa zone ya pili. Wakaandika langu juu ya shamba lake, madaftari yote mawili.

Njia ilipita kwangu. Mke wangu alipokuja kuniona aliuliza shamba letu liko wapi, nikamwonyesha watu wakipita na baiskeli. Akakaa siku nne, akarudi kwa samaki wake. Kutoka Kasai haikuja barua wala salamu ya mdomo, na mimi sikujua nimwandikie wapi.

Nimelima shamba la rafiki yangu msimu baada ya msimu. Tuta sijalisawazisha, ingawa ng'ambo yake sasa ni njia tupu. Watu wa zone hii na ile wanakutana hapo asubuhi, wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani. Wengine wananiita: “Papa, shamba yako inazaa!”

“Haiko yangu,” najibu. “Nachunga tu.”

Wanadhani ni majivuno yangu mapya. Wanacheka, wanapita.